Uzee wa Gari Si Aibu, Aibu ni Kuuficha

Wahenga walinena kuwa chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Ndivyo lilivyo gari kuukuu: safari zake zote zimo mwilini mwake. Swali ni je, latwambia au latuficha?

Tuanze na Peugeot 404, iliyotoka Ufaransa mwaka 1960, gia yake i kwenye usukani. Katika mashindano ya Safari ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Wazee waliosafiri nayo kwenda bara hawahitaji kuhadithiwa. Starehe haina: kiyoyozi ni upepo wa dirishani, na mafuta yanywa sana. Lakini ikiugua, yasema. Kabureta ikiziba, injini yakohoa; ikiunguza oili, moshi wa samawati wamshtakia kila mpita njia. Fundi afungua boneti akaona yote kwa macho yake.

Sasa itazame Toyota Corolla 110, iliyotoka Japani mwaka 1995. Magari ya namna hii tuliyapata yakiwa yamekwisha kutumika huko, baada ya masharti ya biashara ya nje kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yakamiminika Kilindini, mengine yakipitia Dubai. Corolla ni nyepesi mkononi, na mafuta yake yapimwa na kompyuta ndogo, hivyo haifujі. Kwa mwenye kwenda kazini kila siku, haki yake tumpe: yaishinda Peugeot.

Ila ugonjwa wake u ndani. Injini huoshwa ikang'ara, kutu ya hewa yetu ya chumvi ikazibwa kwa poti na kupakwa rangi, na mita ya kilomita ikarudishwa nyuma. Mnunuzi aliyeuza dhahabu ya mkewe aambiwa gari "halijatembea", kumbe limezunguka dunia.

Hapa ndipo penye neno. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umaji. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu watu waione, kisha akatoa onyo kali juu ya wenye kughushi. Mita iliyorudishwa nyuma ni nafaka ile ile. Na neno letu "aibu" asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni ila, kasoro ya kitu. Fikihi ikampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye ila iliyofichwa. Hivyo, ila kuwamo garini si dhambi. Dhambi ni kuinyamazia.

Basi wewe muuzaji, sema: giaboksi imefunguliwa, mlango huu uligongwa, kilomita hizi sizijui. Bei itapungua, na baraka itabaki. Nawe mnunuzi, usipumbazwe na rangi. Nenda na fundi wako, washa injini ikiwa baridi, inua zulia uangalie kutu.

Peugeot ya kale haikuwa na uaminifu wa moyo. Chuma hakina moyo. Ilikosa tu mahali pa kuficha. Gari la leo lina maficho mengi, na kwa sababu hiyo amana ya mwenye kuliuza imezidi kuwa nzito.