Michango ya Harusi Isifutwe

Mwandishi aliyetaka michango ya harusi ipigwe marufuku, kila mtu aoe kwa mfuko wake, nadhani amezungukwa na watu wa mshahara. Makongolosi hatuko hivyo. Hapa pesa huja kwa kishindo: mwenye duara la kuchimba dhahabu akipata mawe mazuri, au mkulima akilipwa tumbaku yake, anazo, miezi inayofuata hana. Mchango humwezesha kuweka kwa jirani kile ambacho kingeishia baa, akaja kukidai siku ya harusi ya binti yake. Huko si kuombaomba.

Kinachotuumiza ni kamati. Inapanga bajeti kwa ahadi badala ya fedha taslimu, kisha inachukua ukumbi, mapambo, MC na gari la Mbeya kwa matumaini. Ahadi zisipolipwa, maharusi wanarithi deni. (Na vikao vyenyewe hunywa soda kama harusi ndogo, hilo mwenzangu hakuligusa.)

Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai taarifa ya siku 21 na mashahidi wawili, keki haimo. Basi siku taarifa inapotolewa, mweka hazina afunge daftari, na pesa iliyomo ndiyo iamue idadi ya kadi.