Haivuji, Lakini Si Nzima

Mwandishi aliyemshauri mzamiaji mgeni anunue regyuleta (kifaa cha kupumulia majini) ghali kuliko zote, kisha asihangaike na fundi mpaka ianze kuvuja, amekosea mara mbili.

Bei kwanza. Sehemu ya gharama hiyo hulipia kinga ya maji ya baridi kali, ili vali isigande barafu. Sasa mtu anayezamia Nungwi au Mafia, kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 29, barafu ataitoa wapi? Heri angeuliza kama mitungi ya huko hufungwa kwa kibano au kwa skrubu ya DIN, na fundi wa chapa anayotaka kuinunua yuko mji gani. Vipuri vikisubiri ndege kutoka Ulaya, ughali wake ni mzigo tu.

La pili, la kungoja ivuje, ndilo linaloniudhi. Kifaa hiki hushusha hewa kutoka takriban bar 200 mtungini hadi kiasi cha bar 10 ndani ya mpira wa hewa, kisha hadi mgandamizo wa maji yaliyokuzunguka. Kazi yote hiyo inategemea vali na vipete vya mpira vyembamba kama tambi, na chumvi haivionei huruma. Yangu niliisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila nilipotoka baharini, ila (ujinga wangu) nilikuwa nabonyeza kitufe cha kupulizia ikiwa haijafungwa mtungini. Maji yakapenya hadi ndani. Fundi alipoifungua, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Nje iling'aa, na haikuwahi kuvuja hata siku moja.