Makanisa yasiishie kuombea mvua



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi Wakristo wa mwambao wa Ziwa Nyasa tunalisema nusu nusu.

Mvua zikichelewa, makanisa yetu hufanya ibada ya kuombea mvua. Hilo ni jema. Lakini likija suala la kujenga kigango au nyumba ya mchungaji, waumini hao hao huagizwa kuleta kuni za tanuru la matofali. Kuni hizo hukatwa milimani, kwenye vyanzo vya vijito vyetu. Kiangazi moto hupita hapo hapo, na masika udongo huteremka mpaka ziwani. Mbasa, samaki tunayemthamini sana, hupanda mito kwenda kutaga. Mto ukijaa tope atataga wapi?

Nionavyo mimi, kasoro iko katika mafundisho. Wapo wahubiri wanaosema dunia hii inapita, kwa hiyo tusihangaike nayo. Wengine hushikilia kwamba Mungu alimpa binadamu mamlaka juu ya viumbe vyote. Ni kweli, lakini mwenyekiti wa kijiji akikabidhiwa mhuri hajapewa ghala la kijiji liwe lake. Na kitabu hicho hicho cha Mwanzo, katika sura ya 2, kinaeleza kuwa mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Ya kwanza tunaikazania. Ya pili haimo hata katika maswali ya kipaimara.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si' juu ya jambo hili, akaonya kuwa dunia ikiharibiwa maskini ndio huumia kwanza. Kule Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa KKKT amejulikana kwa kuhimiza waumini kupanda miti. Basi si jambo geni.

Hata hapa jirani tunao walimu. Wamatengo wa milima ya Mbinga walipobanwa na vita vya Wangoni katika karne ya 19, walilima miteremko mikali kwa ngolo: nyasi hulazwa katika miraba, hufunikwa kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kuzuia maji. Nyasi huoza zikawa mbolea, udongo haukimbii. Hawakungoja mmisionari awafundishe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na akina mama. Sijasikia ngolo ikitajwa katika mahubiri, ingawa ni mfano ulio wazi kuliko mingi inayoletwa kutoka mbali.

Simlaumu mama anayetafuta kuni za kupikia ugali wa muhogo. Yeye hana njia nyingine. Kanisa linayo. Zipo mashine za kushindilia matofali ya udongo na saruji yasiyochomwa, na michango inayonunua mabati inaweza kununua mashine moja ikatumiwa na vigango vingi.

Naziomba halmashauri za parokia na mitaa, za Wakatoliki na za Waanglikana, ziamue kabla ya kiangazi kijacho: tanuru lisiwashwe kwa jengo lolote la kanisa mpaka miti ya kufidia kuni zake iwe imepandwa na imeonekana kushika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ngumbo, Nyasa,
RUVUMA.