Chanzo Hutajwa kwa Ajili ya Mbishi

Muulize mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uchumi kwa nini anataja vyanzo, naye atakujibu bila kusita: asije akashtakiwa kwa wizi wa kitaaluma. Hivyo ndivyo tulivyomfundisha. Tulimpa mwongozo wa mahali pa kuweka mkato na mwaka, tukaipitisha tasnifu yake kwenye programu ya kupima ufanano, na asilimia ilipotoka ndogo tukampongeza. Orodha ya marejeo ikijaza kurasa kumi, tunasema huyu kasoma. Kwa mtazamo huo, rejeo ni kama stakabadhi: mwandishi anaonyesha kwamba alichochukua hakukiiba.

Mtazamo huo si wa kipuuzi. Wizi wa maandishi upo, na anayetumia jasho la mwenzake bila kumtaja anastahili aibu inayompata. Lakini mtazamo huo unawajali watu wawili tu, aliyeandika kwanza na aliyechukua baadaye. Msomaji hayumo. Na uchumi ni taaluma ambayo hoja zake husimama juu ya namba ambazo msomaji hakuziona zikikusanywa wala zikikokotolewa. Ninashikilia, basi, kwamba chanzo hutajwa kwanza kwa ajili ya mtu asiyekubaliana nawe, ili aweze kuipita njia uliyoipita na kukuonyesha ulipokosea. Rejeo lisilompa uwezo huo halijafanya kazi, hata kama kila nukta imekaa mahali pake.

Tuanze na namba, kwa sababu huko ndiko mazoea yetu yanakotuponza zaidi. Tasnifu nyingi zina jedwali la Pato la Taifa na chini yake maneno manne: Chanzo: Benki ya Dunia. Mwandishi anaamini ametaja chanzo. Kumbe ametaja jina la taasisi yenye maelfu ya takwimu zinazorekebishwa kila mara. Septemba 2014 Kenya ilitangaza hesabu mpya za pato lake baada ya kuhamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumiwa kama msingi wa kupimia pato, kutoka 2001 hadi 2009, na pato la mwaka 2013 likaonekana kubwa kwa asilimia 25.3 kuliko lilivyohesabiwa awali. Aprili mwaka huohuo Nigeria ilihama kutoka mwaka wa kizio 1990 hadi 2010, pato lake likapanda kwa asilimia 89, ikaipita Afrika Kusini na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani. Ghana ilikuwa imefanya marekebisho yake mwaka 2010, pato likaongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Tanzania nayo imehama kutoka mwaka wa kizio 2001 hadi 2007, kisha hadi 2015.

Sasa piga hesabu. Nchi yenye deni la asilimia 50 ya pato lake, pato hilo likiongezwa asilimia 25.3 vitabuni, deni linashuka hadi kama asilimia 40, na hakuna senti iliyolipwa. Watafiti wawili wakipakua takwimu za mwaka uleule wa nchi ileile, mmoja kabla ya marekebisho na mwingine baada yake, watafikia hukumu tofauti kuhusu uzito wa deni hilo, na wote wawili wataandika kwa uaminifu kwamba chanzo chao ni Benki ya Dunia. Msomaji anayetaka kujua nani yuko sahihi hana pa kuanzia. Alichohitaji ni jina la mkusanyiko wa takwimu, toleo lake, mwaka wa kizio, na tarehe ambayo takwimu zilichukuliwa. Mambo hayo manne yana thamani kuliko orodha ya vitabu arobaini.

Anayedhani ninakuza jambo dogo aangalie Guinea ya Ikweta. Mchumi Simon Johnson na wenzake watatu walilinganisha matoleo mawili yanayofuatana ya Penn World Table, takwimu zinazotumiwa na wachumi dunia nzima kulinganisha mapato ya nchi. Katika toleo la 6.1, Guinea ya Ikweta ilikuwa nchi iliyofanya vibaya kuliko zote Afrika kati ya 1975 na 1999, pato likipungua kwa wastani wa asilimia 2.7 kwa mwaka. Katika toleo la 6.2, kwa miaka hiyohiyo, ilikuwa ya pili kwa kasi ya ukuaji, asilimia 4 kwa mwaka. Mwandishi aliyetaja jina la takwimu bila namba ya toleo hakumwambia msomaji lolote kuhusu Guinea ya Ikweta.

Kosa la pili ni kutaja kazi ambayo mtu hajaisoma, na hili mtazamo wa stakabadhi haulioni kabisa, maana aliyetajwa kapewa heshima yake. Kila mwanafunzi wa uchumi wa maendeleo anamtaja Simon Kuznets na makala yake ya 1955: pengo la kipato hupanuka nchi inapoanza kukua, kisha hupungua. Husimuliwa kama kanuni ya maumbile. Lakini Kuznets aliegemea takwimu chache za Marekani, Uingereza na Ujerumani, na katika makala hiyohiyo alionya kwamba pengine asilimia 5 tu ya aliyoyasema ilitokana na ushahidi, na asilimia 95 ni kukisia, tena kukisia ambako huenda kumechanganyika na matamanio. Onyo hilo limo ndani ya makala. Limepotea kwa sababu kizazi baada ya kizazi kimenakili rejeo kutoka sura ya pili ya tasnifu ya mwingine, bila kuifungua makala yenyewe. Alban Phillips naye hutajwa kwa uhusiano wa ukosefu wa ajira na mfumuko wa bei, ilhali makala yake ya 1958 ilihusu mishahara ya Uingereza kati ya 1861 na 1957. Waliousogeza uhusiano huo kwenye bei, kwa Marekani, ni Paul Samuelson na Robert Solow mwaka 1960. Jina limetajwa kwa adabu zote, na mwenye jina amesingiziwa.

Kuna watakaosema: basi tutaje toleo, tusome makala, yaishe. Hayaishi. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri zenye deni la serikali linalozidi asilimia 90 ya Pato la Taifa hukua kwa wastani wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Marejeo yalikuwapo, majina ya waandishi yalikuwa mazito, na wanasiasa wa Marekani na Ulaya waliokuwa wakipigania kubana matumizi ya serikali waliishika makala hiyo kama ngao. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kuzipata namba zilezile, akashindwa. Aliwaomba waandishi faili yao ya Excel, nao wakampa. Ndani yake fomula ya wastani iliziacha nchi tano. Miaka kadhaa haikuingizwa, na mwaka mmoja wa New Zealand ulipewa uzito sawa na miaka 19 ya Uingereza. Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, waliporudia hesabu mwaka 2013 walipata ukuaji wa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, wakashikilia kwamba deni kubwa bado huandamana na ukuaji mdogo.

Kisa hiki kinaonyesha kwamba chanzo cha namba iliyo kwenye jedwali hakiishii kwenye taasisi iliyoikusanya. Kinajumuisha pia hatua zote ambazo mwandishi mwenyewe alizichukua: nchi alizoziacha, miaka aliyoiruka, uzito alioutoa. Mwaka 2015 Andrew Chang na Phillip Li walijaribu kurudia matokeo ya makala 67 za majarida 13 yanayoheshimika, wakafanikiwa kwa makala 22 tu bila msaada wa waandishi. Jumuiya ya Wachumi wa Marekani ilimteua mhariri wa takwimu, Lars Vilhuber, na tangu 2019 majarida yake yanataka takwimu zitajwe kama yanavyotajwa machapisho, na hesabu zikaguliwe kabla ya makala kuchapishwa. Programu ya kupima ufanano isingeweza kulikamata kosa la Excel.

Hofu iliyojificha nyuma ya uvivu wa kutaja chanzo kikamilifu naielewa. Ukimwonyesha mbishi njia yote, umempa silaha. Ni kweli, na ni vema. Makala ya 2001 ya Daron Acemoglu, Simon Johnson yuleyule na James Robinson ilitumia viwango vya vifo vya walowezi wa Kizungu kueleza kwa nini makoloni mengine yalirithi taasisi nzuri na mengine mabaya. Waandishi walieleza namba za nchi zao 64 zilitoka wapi. Kwa sababu hiyo David Albouy aliweza kuzifuata moja moja, na mwaka 2012 akachapisha hoja kwamba nchi 36 kati ya hizo zilikuwa zimepewa namba za nchi nyingine. Watatu hao walimjibu katika toleo lilelile la jarida. Mjadala ulikuwa mkali, lakini ulikuwa mjadala juu ya kitu kinachoonekana, na msomaji angeweza kuamua mwenyewe. Waliofungua vitabu vyao hawakuangamia: mwaka 2024 walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka nyumbani. Majarida makubwa ni ya kulipia, na maktaba nyingi za vyuo vyetu hazina uwezo. Mwanafunzi wa Mwanza au Eldoret atamsomaje Albouy? Sehemu ya jibu ni kwamba wachumi wengi huweka rasimu zao wazi, na makala za awali za NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, hutolewa bure kwa wakazi wa nchi zinazoendelea. Sehemu ya pili ni uaminifu: usipoipata makala, andika kwamba umeijua kupitia mwandishi fulani. Wasimamizi wengi huliona hilo kama udhaifu na kulikata kwa kalamu nyekundu, na hivyo kumfundisha mwanafunzi kujifanya amesoma. Siku hizi hata kujifanya kumerahisishwa, kwa kuwa programu za akili mnemba hutunga marejeo yenye jarida, mwaka na kurasa, ya makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Yakipangwa vizuri, ukaguzi wa mikato utayapitisha.

Pingamizi jingine ni kwamba uchumi wetu mwingi haumo katika takwimu rasmi. Anayetafiti wauza mitumba au madalali wa mahindi ataitaja hojaji yake kwa toleo gani? Aitaje kama takwimu nyingine yoyote: aliwauliza wangapi, sokoni wapi, mwezi gani, waliokataa kujibu ni wangapi, na maswali yayo hayo yawekwe kwenye kiambatisho, majina ya watu yakifichwa. Bei ya mahindi ya Machi haifanani na ya Agosti baada ya mavuno, na msomaji asiyejua ni ya lini hawezi kuipinga wala kuitumia.

Kwa hiyo tubadilishe kinachopimwa. Siku ya utetezi wa tasnifu, mtahini achague namba moja kutoka jedwali lolote, ampe mtu asiyehusika na utafiti huo maelezo ya chanzo peke yake, amwambie aitafute. Akiipata, mtahiniwa ana haki ya kuijengea hoja. Asipoipata, namba hiyo iondolewe, na kila hitimisho lililoiegemea liondoke nayo mpaka chanzo kipatikane.