Wao Wana Mpango, Sisi Tuna Bando

Novemba 2024, Kizza Besigye alitekwa hapa Nairobi. Siku chache baadaye alikuwa Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi. Januari 2025, Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania anayeishi uhamishoni, akanyakuliwa hapa hapa na kuachiliwa baada ya saa kadhaa. Mei, Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wakakamatwa Dar es Salaam, walikoenda kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Boniface alionekana tena Ukunda, Agather Mutukula. Wote wawili walisema waliteswa. Oktoba, Bob Njagi na Nicholas Oyoo wakachukuliwa Uganda. Siku 38.

Halafu mtu anakuambia Jumuiya ya Afrika Mashariki haifanyi kazi. Inafanya sana! Ni vile tu haifanyi kazi yetu.

Na sisi? Sisi tunatrendi. Hashtegi asubuhi, spesi usiku, wiki ijayo tuko kwa stori nyingine. Najua utaniambia kelele huokoa watu. Kweli, husaidia. Lakini mfereji wa kelele hizo umeshikwa na walewale tunaowapigia kelele. Mei 2025, X ilifungwa Tanzania. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Siku jirani alipotuhitaji zaidi, mshikamano wetu wote ulikuwa ndani ya simu isiyo na mtandao.

Kuna aibu nyingine. Miaka nenda rudi Wakenya mtandaoni tumewaita Watanzania waoga, kana kwamba Juni 2024 ilitupa cheti cha kufundisha wengine ujasiri. Siku hiyo ya Oktoba waliingia barabarani, wakapigwa risasi. Nani alirudi kufuta vichekesho vyake?

Mtandao ni wa kuitana. Kazi yenyewe ni ya miguu na mfuko: wakili wa Kampala anayejua jina lako kabla hujapanda basi, mtu wa kuaminika Namanga, Busia, Mutukula, mchango wa nauli na wa hospitali, njia ya kupashana habari intaneti ikizimwa. Julai 2025, Boniface na Agather walipeleka kesi yao katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Wewe uliyeweka picha zao kwa profaili, unajua imefika wapi?

Watekaji hawangoji kutrendi ndio wapigiane simu. Sisi tunangoja nini?