Wauza mbao na mafundi wa Mbeya, Iringa watangaze bei na vipimo

Msimu wa kujenga katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini unaeleweka. Mvua zikishakatika mwezi Mei, tanuri za tofali za kuchoma huanza kufuka moshi, malori ya mbao huongezeka kutoka Mafinga, na mafundi waliokuwa wamekaa bila kazi huitwa huku na kule mpaka mvua zitakaporudi mwezi Novemba au Desemba. Ndani ya miezi hiyo michache ndimo seremala, fundi mwashi, muuza bati na mfyatua tofali hupata sehemu kubwa ya kipato cha mwaka mzima.

Siku hizi biashara hiyo imehamia kwa kiasi kikubwa kwenye simu za kiganjani. Kuanzia Kihesa na Ipogolo mjini Iringa, Mafinga, Makambako, hadi Uyole, Mwanjelwa na Mbalizi mkoani Mbeya, ni vigumu kumpata mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye hana kundi la WhatsApp, ukurasa wa Facebook au Instagram. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kile kinachotangazwa humo.

Tangazo la kawaida huwa na picha ya rundo la mbao, maneno “mbao bora kwa bei nafuu”, na amri kwa mteja: “njoo inboksi”. Hakuna kipimo, hakuna bei, hakuna aina ya mti, na mara nyingi hata mji alipo muuzaji hautajwi. Wauzaji wenyewe hujitetea kwamba wakitaja bei mshindani ataiona na kuishusha. Utetezi huo hauna nguvu. Mshindani aliye mlango wa pili anaijua bei hiyo tangu asubuhi. Asiyeijua ni mteja peke yake, na mteja asiyeijua bei haulizi kila mtu bali huendelea kuperuzi hadi ampate aliyeitaja.

Ni vema kujiuliza mteja huyo ni nani hasa. Kwa sehemu kubwa wapo wa aina mbili. Wa kwanza ni mkulima wa Mufindi, Kilolo, Rungwe au Mbarali ambaye ameuza mahindi, viazi, parachichi, mpunga au miti, na anataka fedha hizo zigeuke msingi au bati kabla hazijapotea katika matumizi madogo madogo. Huyu anaweza kufika dukani, ingawa nauli na siku nzima ya safari ni gharama kwake. Wa pili ni mtoto wa nyumbani aliyeko Dar es Salaam, Dodoma au nje ya nchi, ambaye anawajengea wazazi au anajiandalia makazi ya uzeeni. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Hawezi kuja kila Jumamosi kuhesabu mifuko ya saruji, na ndiyo maana picha anayotumiwa kwenye simu ndiyo macho yake.

Wote wawili wanahitaji jambo lile lile, nalo ni uthibitisho kabla ya kutoa fedha. Mwenye kuuza vikapu vya milulu vya Iringa ana kazi rahisi zaidi, kwa kuwa kikapu kilichopigwa picha ndicho kitakachopakiwa kwenye basi. Nyumba haiko hivyo. Anayemlipa fundi ananunua kitu ambacho bado hakijakuwepo, na anayenunua mbao 300 ananunua kitu ambacho hawezi kukipima kimoja kimoja.

Suala la mbao linastahili kuangaliwa kwa undani. Mkoa wa Iringa una shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na pembeni yake kuna maelfu ya wananchi wenye vitalu vyao vya paina na milingoti. Mbao ndiyo sura ya Mafinga. Lakini muulize mnunuzi yeyote aliyewahi kuagiza mbao za “mbili kwa nne” bila kuziona. Mbao inayoitwa inchi 2 kwa 4 ikipasuliwa inchi 1.5 kwa 3.5, inakuwa imepungua zaidi ya theluthi moja ya ujazo wake. Kenchi iliyokadiriwa kwa mbao kamili haiwezi kuwa na nguvu ile ile ikijengwa kwa mbao hiyo. Wakulima wa viazi wa nyanda hizi hizi wamelalamika miaka mingi juu ya lumbesa, ambapo mnunuzi anajaza gunia kupita kipimo. Hapa mambo yamegeuka, na anayeumia ni mnunuzi.

Dawa yake haina gharama. Picha ya mbao ipigwe futi ikiwa imelazwa juu ya kichwa cha mbao, namba zikisomeka. Chini yake iandikwe: paina, unene na upana halisi, urefu futi 12, imetiwa dawa au haijatiwa, bei kwa mbao moja, bei ya kupakia, na kama hati ya kusafirishia mazao ya misitu imo ndani ya bei hiyo au la. Neno hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu mteja wa mbali hushtuka mzigo ukiwa njiani anapoambiwa kuna malipo mengine ya kibali. Vivyo hivyo kwa bati: tangazo lisilotaja geji halijasema kitu, maana bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, hata kama yote yana rangi moja nzuri ya damu ya mzee.

Kwa upande wa mafundi, ugonjwa mkubwa ni picha za kuazima. Fundi aliyejenga nyumba nne nzuri kabisa pale Uyole huziacha, akaweka kwenye ukurasa wake jumba la kifahari alilolitoa kwenye intaneti, lenye bwawa la kuogelea na vioo toka chini hadi juu. Mteja hana namna ya kwenda kulitazama jumba hilo, na akigundua kwamba halipo Tanzania hawezi tena kuamini hata zile nyumba nne. Mbali na aibu, kuna sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa na huduma, na picha ya mtu mwingine ina mwenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kuna madhara mengine ambayo hayazungumzwi sana. Ramani na picha zinazosambazwa mitandaoni zimeleta mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Katika mji wa Iringa, ambako mvua si nyingi, mtu anaweza kuishi nalo. Sehemu za Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Paa la namna hiyo likijengwa Tukuyu na fundi aliyelijua kwa picha tu, asiyefahamu upana wa mfereji unaohitajika wala mahali pa kutolea maji, litavujia ndani ya dari kila masika. Fundi mwenye akili angeweka picha ya paa lake la mgongo wa tembo likiwa linapigwa na mvua ya Aprili, dari ikiwa kavu, na hapo angekuwa ametangaza zaidi ya wenzake wote.

Kinachomvuta mteja wa ujenzi ni hatua za kazi. Picha ya mtaro wa msingi kabla haujajazwa mawe, nondo zikiwa zimefungwa kabla zege halijamwagwa, mkanda juu ya linta, kenchi kabla ya bati. Nyumba iliyopakwa rangi huficha kila kitu, boma halifichi. Fundi anayeonyesha nyumba moja tangu uchimbaji hadi kupaua, akiandika tarehe, idadi ya mifuko ya saruji iliyotumika na tofali ngapi zimetoka katika kila mfuko, anakuwa amempa mteja kipimo cha kumpimia. Bila shaka aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, na asitaje jina lake wala kiwanja kilipo.

Suala la fedha ndilo linalokwamisha biashara nyingi. Watanzania wamezoea kutuma fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na wamezoea pia ujumbe wa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Hivyo muuzaji anayeomba malipo yote kabla, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake, asishangae mteja akinyamaza. Atumie lipa namba yenye jina lile lile lililoandikwa kwenye ubao wa duka. Akubali malipo kwa awamu: kiasi cha kuandaa mzigo, kiasi baada ya mteja kutumiwa video ya mzigo ukihesabiwa na namba ya gari, na salio mzigo unapofika. Muuzaji naye analindwa, kwani wapo wateja wanaoagiza mbao zikapasuliwa kwa vipimo vya ajabu kisha wakazima simu.

Je, kulipia matangazo kuna faida? Ni hesabu ya darasa la nne ambayo wengi hawaifanyi. Mathalani seremala wa Mwanjelwa anapata faida ya Sh20,000 kwa mlango mmoja. Akilipia tangazo Sh30,000, lazima auze milango miwili ya ziada ndipo aseme amerudisha gharama. Tangazo likiachwa lionekane nchi nzima atapata ujumbe mwingi wa watu wa Mwanza na Tanga wanaoulizia bei kwa kujifurahisha. Likiwekewa mipaka ya Mbeya mjini, Rungwe na Mbarali, ujumbe utapungua lakini wanunuzi wataongezeka. Kabla ya kulipa hata shilingi, atumie vya bure. Stetasi ya WhatsApp huonwa na watu ambao tayari wana namba yake, na programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, inamwezesha kupanga bidhaa na bei zake bila malipo.

Wengi hutangaza kwa nguvu mwezi Januari, wakati mkulima anahangaika na mbolea na ada za shule. Mwezi huo unafaa kuonyesha kazi za mwaka uliopita na kujibu maswali. Bei na nafasi za kazi zitangazwe kuanzia Mei, mazao yanapoanza kuuzwa, na kwa walioko mijini zitangazwe mapema Novemba kabla hawajafunga safari za Krismasi, kwa sababu wakifika nyumbani ndipo hukagua kiwanja na kuchagua fundi.

Wala isisahaulike kwamba mtandao wenyewe si mali ya mfanyabiashara. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba nchini. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na oda zake zote ndani ya WhatsApp alikaa akiitazama simu. Daftari lenye majina, namba za simu na deni la kila mteja bado ni kifaa cha lazima, kwa kuwa meseji ya kawaida au kupiga simu hakuhitaji bando.

SIDO na VETA wana ofisi na vyuo katika mikoa yote miwili. Kijana anayefundishwa uashi au useremala huko anapimwa kwa timazi, pima maji na kona yake. Aongezewe mitihani miwili: aandike makadirio ya kazi ambayo mtu asiye fundi ataelewa, na apige picha inayoonyesha kipimo. Walimu wa kuifundisha kazi hiyo wapo, na haihitaji kompyuta.