Ganzi ikiisha usiku, mzazi wa Turkana afanyeje?

Tangu SHA ishike nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mazungumzo yetu ya afya yamekuwa ya pesa tu: nani kalipiwa, hospitali gani inadai. Mimi leo nina swali jingine, na nalipeleka mbali na Pwani yetu, hadi Turkana.

Nilipozaa mwanangu wa pili kwa upasuaji, katika hospitali nisiyoitaja, sindano ya mgongo ilinisitiri vizuri. Iliisha usiku. Nikapewa panadoli mbili na kuambiwa nivumilie. Mtoto analia, nami siwezi hata kugeuka ubavu nimnyonyeshe. Lakini nyumbani nilikuwa na mama yangu, uji wa pilipili manga na arubaini yangu kamili.

Mzazi wa Kakuma je? Kambi ile ni ya tangu 1992, na pembeni yake yako makazi ya Kalobeyei. Wamo Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, pamoja na Waturkana wenyeji. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, kilomita kama 120. Akiruhusiwa, mama anarudi kwenye joto, foleni ya maji na watoto wengine. Maumivu yakimlaza kitandani, damu inaweza kumganda miguuni. Na akikumbuka usiku ule, mimba ijayo huenda asitake kusikia habari za hospitali.

Iko njia ya kumpunguzia. Mwaka 2001 daktari A. N. Rafi alieleza namna ya kuchoma sindano ubavuni, juu kidogo ya nyonga, dawa ya ganzi ikaingia katikati ya misuli ya tumbo inamopita mishipa ya fahamu. Upande huu, kisha upande wa pili. Kidonda kinapoa kwa saa kadhaa, na mama akili yake iko sawa, anamshika mwanawe. Dawa yenyewe, bupivakeini, ni ya jamii ile ile inayotumika kwenye sindano ya mgongo. Rafi alitafuta mahali kwa vidole. Siku hizi hutumika ultrasaundi, na ndiyo salama zaidi.

Si muujiza. Chango la uzazi haliondoi, kwa hiyo panadoli na dawa nyingine bado zinahitajika. Aliyetiwa mofini mgongoni haongezewi mengi na sindano hii. Faida kubwa ni kwa asiyeipata mofini. Na dozi ikizidi, dawa hupanda kichwani na kuusumbua moyo, hivyo lazima ipimwe kwa uzito wa mama, na dripu ya mafuta ya kumwokoa iwe karibu.

Ndiyo maana nasema shida kubwa si chupa ya dawa, ni mkono uliofunzwa. Nje ya miji mikubwa, wanaotoa nusukaputi Kenya aghalabu ni maafisa wa tiba na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Afya ni ya kaunti tangu 2013. Basi wawakilishi wa wadi kule Lodwar, bajeti ikiletwa, waulize: wangapi wamefunzwa sindano hii? Nani anaandika kwenye faili mama anaumwa kiasi gani saa sita baada ya kupasuliwa?

Na wetu wa Lamu na Tana River waulize vivyo hivyo. Mama wa Kiunga naye ana safari ndefu ya kurudi kwake na kidonda.